Tulisubiri Yaanguke

Ukisoma hii utaniona fala, na mimi mwenyewe naungana na wewe.

Nina kibanda cha gemu hapa Chuno, huku kusini kwenye korosho. Shule niliishia la saba, kwa hiyo mwalimu mmoja wa hesabu, dada wa kutoka Kagera, aliponiomba nikamshikie pedi ya gemu darasani, nilivaa shati la Idi. Mwalimu mkuu alikuwa amempa kipindi kimoja tu: watoto wasipotoa hesabu ya maana, gemu irudi kibandani.

"Hii gemu ya shamba unaijua?" dada akaniuliza.

"Mwalimu, hiyo nimeizaa mimi."

Uongo. Mimi najua mpira tu.

Madirisha tuliziba kwa vitenge. Projekta ikawasha ukuta kijani: miti minane, kila mmoja na matunda sita mekundu kama mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mwalimu akaandika ubaoni: vuneni, mzidishe. Akatoka kumwita mkuu.

Nikagusa kitufe.

"Kaka, usichume!" Binti wa dawati la mbele huyo, kanikemea kama mama yangu. "Ukichuma korosho inakuwa changa. Subiri ianguke."

Kweli bwana. Kwetu nani anachuma korosho? Nikaweka pedi mapajani, tukasubiri. Upepo wa ukutani ukawa unapita kwenye majani, na sisi tunainama nao. Jua likazama ukutani, likachomoza tena, mwanga unatembea kwenye nyuso za watoto kama maji. Nilisahau kama nina kibanda, nilisahau kama shule nilishamaliza. Halafu vitu vyeupe vikaanza kudondoka, taratibu, taratibu.

"Sufi," mmoja akanong'ona.

Kumbe theluji, msimu wa kuvuna umeshapita. Mlango ulipofunguliwa, matunda yote yalikuwa yameozea mtini.

"Mavuno yako wapi?" mkuu akauliza.

"Tunasubiri yaanguke!" darasa zima.

Mwalimu akanitazama, midomo inamcheza, sijui kulia sijui kucheka. Mkuu akajikuna kidevu. "Haya. Tumepoteza mangapi?"

"Arobaini na nane!" Walilia kwa uchungu, utadhani shamba la bibi yao limeungua. Hata wale wa nyuma, ambao mwalimu alisema hawajawahi kunyoosha kidole. Mkuu akacheka mpaka akashika meza, akasema gemu ibaki.

Mwalimu akanisindikiza hadi getini.

"Mdogo wangu, kesho uje," akasema. "Ila pedi atashika yule binti. Wewe nimekutafutia dawati."