Nilivyouza kempa Tukuyu, baba yangu na mke wangu wakiwa ndani

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mke wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo nikiongeza chumvi nalala njaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba kila kona.

Wazungu wawili gari lao liliwafia gia boksi pale Kyimo, wakaamua kuliuza wapande basi. Nikalinunua. Lilikuwa kempa: kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo kidogo kama kabati. Nikatengeneza, likatembea. Plan ni kuuza.

Tatizo likawa mzee wangu. Alikuja kutoka Nkunga kuliona tu, akajaribu kitanda, mvua ikaanza.

Mnaijua mvua ya Tukuyu. Hakutoka tena.

Sasa kwa wasiojua mila zetu Wanyakyusa: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, hawaongei. Akimwona kwa mbali anakata kona. Na mimi kwa akili zangu nilikuwa nimelipaki mbele ya jiko la nyumbani!

Mke wangu akawa anazungukia migombani kwenda kupika, kuni kichwani, mvua inamnyeshea. Mwisho akasema, "Liondoke hilo gari, au narudi kwetu Kisiba." Hakuwa anatania.

Nikapata mteja, mzee Salumu, mfanyabiashara wa mjini. Siku anakuja, baba alikuwa ametoka kidogo kwa jirani. Mke wangu akaingia chapuchapu kufagia. Baba akarudi, akapanda.

Mlango ni mmoja, wakuu.

Mke wangu akajifungia chooni. Mimi sikuona lolote, niko mbele namsifia Salumu injini.

"Nataka kulijaribu," akasema Salumu.

"Twendeni," baba akajibu kutoka kitandani. "Mimi siteremki."

Tukaondoka, Salumu kwenye usukani. Kila kona tunasikia kikohozi chooni. Salumu ananitazama, mimi natazama chai shambani.

Kyimo ilikuwa siku ya gulio. Akasimama, tukazunguka nyuma. "Naomba nione choo."

Nikavuta mlango. Unavutwa kwa ndani!

"Nani humo?"

Ikatoka sauti ndogo, ya mke wangu: "Baba Tumpe, ni mimi."

Sijawahi kumwona mzee wa umri ule akienda kasi vile. Mlangoni tumeziba mimi na Salumu. Baba akajifunika blanketi kichwani, akakanyaga sinki, akasukuma kidirisha cha paa, akatokea juu ya gari mbele ya soko zima.

Vyama vingi vya siasa ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Akina mama wa ndizi wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza, "Huyu ni wa chama gani?"

Baba, asijue la kufanya, akapunga mkono.

Salumu alilichukua gari siku ileile. Alisema bati linalombeba mzee yule halina kutu.

Baba akarudi Nkunga kimyakimya. Mke wangu akanituma: "Mwambie baba ndaga fijo, asante sana kwa kupita juu."

Nikamfikishia. Mzee akachukua panga, akaanza kupogolea migomba yake.

"Mwambie sikumwona."

Funzo: kabla hujanunua nyumba yenye magurudumu, hesabu milango, kisha hesabu wakwe.

Haya, nani mwingine alinunua kitu kikamgombanisha na ukoo? Mwageni hapa. Mama Tumpe anazisubiri comments kuliko mimi.