Maua ya Kuba la Lyndon

Mlango wa nyuma wa Jumba la Opera la Lyndon ulikuwa na ukorofi wake. Ufunguo peke yake hautoshi; lazima uutie bega, uunyanyue kidogo, ndipo kitasa kikubali. Waliokuwa wakilijua hilo walikwisha kustaafu au kufa, akabaki Maulid Ameir, mlinzi na mfagizi, Mzanzibari anayeishi huku ughaibuni na kuja kwa basi kila asubuhi kutoka mtaa wa Kingstanding, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Jumba lenyewe la zama za Malkia Viktoria. Roshani tatu zimepinda nusu duara, makusudi, matajiri wapate kutazamana na mavazi yao. Zilipokwisha opera ikaja sinema, ikaja bingo, kamari ya namba, wakaja njiwa. Watu wa bingo walilivunja jukwaa na kung'oa viti. Mungu awasamehe, mimi siwezi.

Maulid hakuwahi kusikia opera hata moja, na ukimuuliza atakwambia mayowe yale hayataki. Alichokipenda ni kuba, na ukanda wa maua arobaini ya plasta uliolizunguka. Baba yake alikuwa fundi chokaa Malindi, Unguja, na mkono ule aliurithi. Mvua ilipoyaangusha maua thelathini na sita, wenye jumba wakasema yaacheni. Yaacheni! Maulid akapanda kiunzi siku zake za mapumziko, miezi minane, akayafinyanga upya kwa kuyafuatisha manne yaliyosalia. Ua moja akalipunguza petali, kama alivyofundishwa: fundi haandiki jina lake, huacha alama.

Kisha ikaja kampuni ya kujenga fleti, ikataka jumba livunjwe. Halmashauri ikamtuma mkaguzi wa majengo ya kale, Bi Vimla, mzaliwa wa Kisumu, aandike kama jumba linastahili kulindwa. Maulid aliposikia Kiswahili chake alifurahi kama amepata ndugu.

Bi Vimla alizunguka saa nzima akitikisa kichwa kwa huzuni. Alipofika chini ya kuba akasimama, akainua darubini.

"Aki Mzee, sijawahi kuona kazi ya mkono kama hii. Nani alifanya?"

Sasa wewe fikiri. Miaka kumi na moja tangu ayamalize, hakuna aliyenyanyua shingo kuyatazama maua yale. Kifua kikamjaa.

"Mimi," alisema. "Hesabu kutoka kwenye taa, ua la saba. Limepungua petali moja. Ndiyo saini yangu."

Bi Vimla akahesabu. Akaishusha darubini polepole.

"Mangapi, Mzee?"

"Thelathini na sita."

"Mzee Maulid, kwa nini umeniambia? Kila kitu kingine hapa kimeharibiwa. Nilikuwa nimeshikilia hayo maua tu, nikidhani ni ya zamani. Ndiyo yangeokoa jumba."

Masikini, akajaribu kucheka. "Nilikuwa nakutania, Bi Vimla. Wallahi nakutania tu."

"Umenionyesha alama. Siwezi kuandika uongo."

Nyumbani alimsimulia bintiye Asmahan, naye akashika kichwa, akauliza lile lile la Bi Vimla, kwa Kiingereza. "Dad, why did you even tell her?" Maulid aliandika barua halmashauri, akaandika nyingine. Akapiga simu mpaka msichana wa mapokezi akaijua sauti yake na kumwonea huruma. Huruma haikusaidia kitu. Jibu lilikuja mwezi wa tatu: dari ni kazi ya kisasa, haina thamani ya kihistoria.

Wavunjaji walipokuja walihangaika na mlango wa nyuma nusu saa. Msimamizi wao, Derrick, akampigia simu Maulid: ufunguo tunao, mlango haufunguki, njoo utusaidie. Akaenda. Angefanya nini? Wangeuvunja.

Akautia bega, akaunyanyua, kitasa kikakubali.

Derrick alikuwa mtu mwema. Akasimama pale chini ya kuba, kofia mkononi, akashangaa. "Lo, maua gani haya! Mzee, kuna kitu cha thamani humu tukitoe kwanza?"

Maulid akatazama juu, akalitafuta ua la saba.

"Hakuna," alisema. "Nimeyafanya mimi tu."

Akampa Derrick njia, na wale wengine wakapita na ngazi zao.