Mkunga Anayeitamani Wodi Yake

Jua la asubuhi limeshaingia dirishani, na Mama Hongera yuko chumba cha kusafishia vifaa vya hospitali, anafunga mikasi na vibanio ndani ya vitambaa vya kijani, tayari kwa mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Ghafla mtoto mchanga analia. Mkunga huyu anageukia kabatini, kisha mlangoni. Wodi ya wazazi iko nyuma yake.

"Nimepotea tena," anajicheka. "Sikio moja likifa, lililobaki linasikia vizuri tu, ila halikwambii sauti imetoka upande gani."

Jina la Mama Hongera alipewa na akina mama aliowazalisha kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa jinsi alivyokuwa akiwapongeza kabla hata mtoto hajafutwa. Kisha kikaja kizunguzungu, na mvumo sikioni usiokatika. Vipimo vikaonyesha uvimbe umejibanza kwenye neva ya sikio la kulia, umeanza kuusukuma ubongo.

Upasuaji uliokoa maisha yake. Lakini alipozinduka, upande wa kulia wa uso ulikuwa umelala: jicho halifumbi, mdomo umekwenda kombo, chai inamchuruzika kidevuni. Sikio lilikuwa kimya. Akisimama haraka, sakafu inamkimbia.

"Madaktari walinieleza mapema kwamba yanaweza kutokea," anasema. "Lakini kuelezwa ni kitu kingine kabisa."

Mumewe, seremala, alimpigilia mbao za kushikia ukutani kutoka kitandani hadi bafuni. Wakati wa kulala humfunga jicho kwa plasta lisikauke.

"Mke wangu, siku hizi nikikuudhi unanuna nusu tu," humtania. Naye hucheka, kiganja kikiwa mdomoni.

Baada ya likizo ndefu alirudi wodini. Siku hiyohiyo, mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alimwita, akamwita tena, kutoka upande wa kulia. Hakusikia.

"Sista, nakuita unanipuuza! Nimekukosea nini?" mama yule alilia.

Mtoto alizaliwa salama mikononi mwa mkunga mwingine. Mama Hongera alimwomba radhi mzazi, kisha akaenda mwenyewe kuomba ahamishiwe chumba cha vifaa.

"Hakuna aliyemfukuza," anasema mkuu wa wodi. "Mikono yake ni ileile. Miguu ikishakuwa imara, na akizoea kusimama pale ambapo mgonjwa atasikika, nafasi yake ipo."

Uso nao anaufanyia mazoezi: kila asubuhi husimama mbele ya kioo akitamka "papa, baba, mama", huku akiusukuma mdomo kwa kidole. Juzi kona ya mdomo ilicheza. Akamwita mumewe mbio aje aone. Alipofika, haikucheza tena.

"Lakini mimi niliiona," anasema.

Binti yao ana ujauzito wa kwanza. Mama alipomwambia kwamba anatamani kumzalisha, binti alimshika mkono.

"Mama, usije ukaumia moyo," alimjibu. "Kukuamini nakuamini. Ila siku hiyo nataka mama. Wakunga wapo."

Maneno hayo yalimchoma, Mama Hongera hafichi. Alikaa nayo siku kadhaa ndipo yakamtulia. Sasa mpango wao ni kwamba atakaa kwenye kiti kando ya kitanda, sikio zima likimwelekea binti.

"Wodi nitairudia, nikijaliwa," anasema. "Kwanza nikae na mwanangu. Najua atanifinya vidole mpaka vife ganzi. Na avifinye."