Ndizi za Babu na Albamu Mpya

Jumamosi, sokoni Kamachumu, dada anayeimba kwenye bendi ya vijana wanaopiga dansi la kizamani alikuwa akiuza flashi za albamu yao ya kwanza. Mzee mmoja mwenye mkungu wa ndizi begani akasikiliza wimbo mmoja, akabetua mdomo.

"Mmeiga. Magitaa haya haya tuliyacheza ujanani."

Dada akaugusa mkungu. "Mzee wangu, mche wake uliutoa wapi?"

"Kibanjani kwa babu, kwenye migomba yake."

"Kwa hiyo hizi ni ndizi za babu?"

"Za babu wapi! Nimepalilia mimi, nimeweka samadi mimi!"

"Na sisi tumepalilia," akasema, akaongeza sauti ya spika.

Mzee hakununua. Mimi niliyekuwa kando nikiwasikiliza nilinunua flashi mbili, na atakayeniambia ni muziki wa kuiga, anionyeshe kwanza mgomba alioubuni mwenyewe.