Kisima Kilichovuka Mto

Hapa ofisi ya ramani Isiolo, mimi ndiye niliyewarahisishia kazi wanaoanza. Mtu achore kisima kwenye karatasi inayopitisha mwanga, mimi niitandike juu ya ramani kubwa, basi. Zile alama za pembeni mwa karatasi nilizifuta, zilikuwa zinawachanganya.

Juzi nikatandika karatasi ya Galgalo, mmoja wa hao wanaoanza, mtu wa kijiji cha Korbesa kando ya mto. Loo! Kisima cha majirani kimevuka mto, kimeingia kwao. Na mbona asubuhi ile alinisalimia mara mbili? Nikaita ofisi nzima, nikamnyooshea kidole.

“Galgalo, unaiba maji kwa penseli?”

“Wallahi, mzee, sijaiba.” Akaigeuza karatasi. Kisima kikarudi ng’ambo.

Bosi akauliza, “Nani alifuta alama za kuonyesha karatasi inalazwa upande gani?”

Kidole changu kilikuwa bado kinamwelekea Galgalo.