Springi ya Mfukoni

Mashine yangu ya kupukuchua mahindi niliiunda kwa rimu ya baiskeli na springi ya kitanda. Shule niliiacha darasa la nne, na sioni kama tumewahi kudaiana. Lakini kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali Machakos, ukikohoa, jirani anaiga kikohozi. Ndiyo maana mafundi tulikuwa na desturi yetu: mgeni akija, unachomoa kile kijisehemu chenye akili, unatia mfukoni.

Halafu serikali ikabadilisha sera. Kwenye baraza tukaelezwa kwamba vituo vya utafiti, ambavyo vilikuwa vikipima mashine za ng'ambo tu, sasa vitapima za mafundi pia. Ukipita, uvumbuzi unaandikwa kwa jina lako na wakulima wanaelekezwa kwako. Nilipiga makofi kuliko wote. Nilitaka mashine yangu ifike mbali, hadi kwa wakulima wa Masinga.

Siku ya kupimwa nilivaa koti. Mtafiti, mama mmoja mpole, akatia hindi, nami nikazungusha. Likatoka na punje zake zote, kama lililopita kusalimia tu.

"Fundi, hii inapukuchua ama inasindikiza?"

"Mahindi yenu yana unyevu," nikasema.

"Tujaribu mengine?"

"Hata hayo. Naona kutoka hapa."

Mke wangu, niliyesaidiana naye kubeba mashine, akacheka chinichini. "Madam, mahindi ni makavu. Uliza mfuko wa koti." Akanigeukia. "Mzee, serikali imebadilisha sera, mfuko wako bado."

"Nikiitoa waiige?"

"Nisipoiona nitaandika nini?" mtafiti akasema. "Kwamba fundi ana kitu mfukoni?"

Hapo nikaona safari ya Masinga ikiishia kwenye koti langu. Nikaitoa springi, nikaifunga mahali pake. Punje zikamiminika hadi mtafiti akarudisha miguu nyuma. Akashauri nitumie springi nyepesi kidogo, ya kiti cha baiskeli. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kufikiria hivyo.

Ikapita. Msimu uliofuata mashine ikafika Kathiani, kisha Masinga, na akina mama wakaacha kupiga magunia kwa fimbo. Nani mwingine wa darasa la nne amefanya hayo, sijamsikia.

Siku moja jirani yangu fundi akaingia kibandani kuichungulia. "Angalia ushibe," nikamwambia. "Jina langu liko kituoni, sheria inanilinda."

Mke wangu hakuniangalia usoni. Aliangalia mkono wangu, ambao ulikuwa umeshafika mfukoni pamoja na springi ya mashine.