Jina Lililokosekana Redioni

Asubuhi ile mama mkubwa alikuwa mgeni wangu hapa Nachingwea kwa siku ya pili. Alitoka Nkowe kwa bodaboda hadi Ruangwa mjini, akapanda gari, akashuka na beseni, mashuka mawili na chupa ya kubebea uji. Mumewe alikuwa amelazwa hospitali ya hapa. Saa nne angepasuliwa tumbo. Daktari alisema ni jambo la kawaida, na mama mkubwa alikuwa akilirudia neno hilo tangu jana, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake.

Nina redio ndogo dirishani. Kuna stesheni moja ambayo, kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi, hupiga muziki wa klasiki: fidla, kinanda, tarumbeta za mbali, haimbi mtu wala hasemi mtu. Naupenda muziki ule. Unakuja kama ukungu wa kwenye mikorosho, huoni ulikoanzia, unashtukia umeshakufunika. Betri zilikuwa zimechoka. Jana yake nilizianika juani zipate uhai kidogo. Nikawasha, nikamimina chai.

Mama mkubwa akaweka kikombe chini.

"Nani?" akauliza.

"Nani nini, mama mkubwa?"

"Aliyekufa."

Nikacheka. Nilimwelewa. Kwetu kiongozi mkubwa akifariki, redio huacha matangazo ya sabuni na nyimbo za vijana, zikapiga muziki wa namna hii kutwa nzima. Yeye hakuwahi kuusikia siku nyingine yoyote.

"Hajafa mtu. Ni muziki tu. Wenyewe wanausikiliza hata wakinywa chai."

"Nyie mliosoma mnaweza kunywa chai na msiba mezani. Mimi nangoja jina."

Fidla zilipanda, zikabaki huko juu, nyembamba. Nje jogoo wa jirani alianza kuwika, akakatiza katikati. Niliona mikono ya mama mkubwa imefungana mapajani na vidole vimepauka, nikajuta kucheka. Nikanyoosha mkono nizime.

Akanidaka kifundo cha mkono. Sikujua ana nguvu vile.

"Usizime. Ukizima kabla jina halijasomwa, linabaki humu ndani. Litatafuta mtu."

Nilikumbuka nyumba yao nilipokuwa mdogo, saa ya matangazo ya vifo. Majirani walikaa uani kuizunguka redio moja, na hakuna aliyekohoa mpaka jina la mwisho lisomwe, kwa sababu linalofuata lingeweza kuwa la ndugu yako aliye mbali. Aliyeigusa redio kabla ya hapo alifokewa hata kama ni mwenye nyumba.

Basi tukangoja. Nilijua hakuna jina litakalokuja, lakini nami nilikuwa nimeinamisha kichwa. Sauti ikaanza kufifia. Tarumbeta zikawa kama zinapigwa chini ya ardhi, halafu mkwaruzo, halafu hakuna kitu. Betri zimekwisha.

"Mama mkubwa, ni betri. Nakimbia dukani sasa hivi."

"Duka halijafunguliwa," alisema taratibu. "Na mume wangu saa nne anaingia."

Akavuta kigoda mpaka dirishani, akausogeza mdomo karibu na redio. Mama mkubwa husema Kiswahili cha sokoni, chenye Kimwera ndani yake, cha haraka na kicheko. Sauti iliyotoka sasa sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa imenyooka na baridi, ya mtu aliye mbali, anayesoma karatasi.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha..."

Akataja jina lake. Lake mwenyewe, na la baba yake, na Narung'ombe alikozaliwa.

"Habari ziwafikie wanawe, ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo."

Redio ikatoa mkwaruzo mmoja mfupi. Kisha kimya.

"Haya," akasema kwa sauti yake ya siku zote, akachukua kikombe. "Sasa halimtafuti mtu wangu. Chai yako imekosa sukari."

Baba mkubwa alitoka chumba cha upasuaji salama. Jioni yake alikuwa anawatania manesi, na baada ya wiki alitoka wodini kwa miguu yake mwenyewe, akarudi Nkowe.

Msimu wa korosho nilikwenda kuwatembelea. Mama mkubwa alikuwa amepungua, presha inamsumbua, nikamsindikiza zahanati kuchukua dawa. Tulikaa kwenye benchi. Mhudumu akatoka na kadi, akaita jina. Mama mkubwa alikuwa anatazama ukuta. Mhudumu akaita tena, na la baba yake pamoja.

"Mama mkubwa, unaitwa."

"Huyo habari zake zilishatoka. Ulikuwepo."

"Dawa zako zimo mle. Tafadhali."

Hakugeuka. Jina likaitwa mara ya tatu, na watu kwenye benchi wakaanza kutazamana, wakimtafuta mwenyewe. Nikafungua mdomo nimwitikie. Nikahisi vidole vyake kwenye kifundo changu, palepale pa asubuhi ile.

"Usiitikie," alinong'ona. "Litakushika wewe."

Nilifunga mdomo. Mhudumu alingoja kidogo, akaiweka kadi pembeni, akaita anayefuata.